Usiku Ule Mji Mkongwe Uliponirudisha Masasi

Najua mmezoea kuja hapa kuangalia nani kaachana na nani, na nani kanunua gari la mkopo. Leo hamna udaku. Yani upo kidogo, ila wahusika wake walishakufa zamani, hawawezi kunitumia watu.

Mwaka jana baada ya korosho kulipa vizuri kidogo nyumbani, nilipanda basi Masasi mpaka Dar, kesho yake boti mpaka Unguja. Sababu ilikuwa moja tu. Mshkaji wangu mmoja anayepiga picha za harusi kule alinitumia meseji: "Jumamosi tunatembea Mji Mkongwe usiku, watu kama 14, kila mtu na kamera yake. Njoo." Kamera sina. Nina simu iliyopasuka kona. Nikaenda hivyohivyo.

Kwa wasiojua, haya matembezi ya picha ni kitu cha kawaida siku hizi. Watu wanakutana sehemu, wanatembea pamoja, wanapiga picha, mwisho wanakaa mahali wanaoneshana. Mmarekani mmoja anaitwa Scott Kelby alianzisha mwaka 2008 siku ya kufanya hivyo dunia nzima kwa pamoja, na toka hapo makundi yameota kila mji. Faida ya kutembea kundi ni mbili. Hupotei, na hukabwi. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kupotea ni lazima. Mimi nilipotea hata nikiwa na kundi.

Tulikutana Forodhani baada ya Isha. Moshi wa mishikaki, watalii wanashangaa urojo, watoto wanaruka baharini gizani bila woga. Hapo kila mtu akapiga picha zake za kawaida, zile ambazo kila aliyefika Unguja anazo. Pembeni kulikuwa na mabati yamezungushiwa Beit el Ajaib. Hili jengo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na linatajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Nilisimama pale nikawaza, jengo la kwanza kuwa na taa, halafu sasa ndo sehemu yenye giza kuliko zote ufukweni.

Na Wazanzibari giza wanalijua. Umeme wao unatoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Desemba 2009 ukakatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Dada mmoja kwenye kundi alisema yeye alikuwa mdogo, na anachokumbuka ni kelele za majenereta na watu kulala nje barazani kwa joto.

Tukaingia ndani ya mji. Hapa ngoja niwape ufundi kidogo, maana mtaniuliza. Ile milango maarufu ya nakshi, mchana haina maana kwenye picha. Jua likiwa juu nakshi zinalala, unaona ubao tu. Usiku kuna taa moja juu ya mlango au pembeni, mwanga unakuja kwa ubavu, kila ua na kila msumari wa shaba unatupa kivuli chake. Hapo ndo unaona kwamba mlango wa kichwa bapa ni wa mtindo wa Kiarabu, na ule wenye nusu duara juu umeathiriwa na Wahindi. Sikuwa na stendi, nikawa naiegesha simu kwenye baraza la saruji, naweka sekunde mbili tatu, nashika pumzi. Raha yake ni kwamba mtu akipita mbele wakati simu inakusanya mwanga, kwenye picha hayupo. Mlango upo, taa ipo, mtu kawa moshi.

Sasa kuna mzee alikuwa amekaa barazani maeneo ya Sokomuhogo, kanzu nyeupe, kofia, kikombe cha kahawa mkononi, taa inamwagika begani. Kiukweli ilikuwa picha ya kufa mtu. Mmoja wetu, sitamtaja maana anasoma hapa, akainua kamera yake kubwa na kupiga. Shata ikalia kwa sauti. Mzee hakugeuka hata kichwa, akasema:

"Mie nimekuwa mlango?"

Kimya. Yule mshkaji akaanza kujitetea, oh samahani mzee wangu, oh picha nzuri sana. Mzee akamwambia asogee amwoneshe. Akaiangalia muda mrefu. Halafu akamuuliza, "Chini utaandika nini?" Jamaa akasema ataandika mzee wa Zanzibar. Mzee akacheka. "Wazee wa Zanzibar wako wangapi, mwanangu? Mie nina jina."

Akamtajia jina lake, la baba yake na la babu yake, akamlazimisha aliandike kwenye simu pale pale. Alipomaliza ndo akakubali kupigwa ya pili, safari hii kajiweka sawa, kakunja mguu. Na nyie mtanisamehe, hapa jina silitaji maana alimpa yeye, hakunipa mimi.

Kisa kile tulikicheka njia nzima mpaka Mkunazini. Mimi nikaacha kucheka pale.

Mkunazini ndipo lilipo Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana. Geti lilikuwa limefungwa usiku ule, tukawa tunapiga mnara kutoka kichochoroni. Ndani ya uwanja kuna ile sanamu ya watu watano ndani ya shimo wakiwa na minyororo shingoni, mnaijua kwenye mitandao. Kanisa limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Barghash alilifunga kwa mkataba wa Juni 1873 akisukumwa na Waingereza, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Msimamizi alikuwa Edward Steere, askofu wa misheni ya UMCA, huyohuyo aliyekusanya hadithi za Kiswahili na kutafsiri Biblia. Paa la kanisa ni la zege la mawe ya matumbawe, na watu waliapa kwamba wakitoa miti ya kushikilia litaanguka. Halikuanguka. Steere mwenyewe alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya madhabahu.

Mshkaji wa harusi ndo alikuwa anaeleza haya yote. Akamalizia hivi, kama anayetaja kitu kidogo: "Na huyu askofu ndiye alichukua watu waliokombolewa hapa akawapeleka kwenu Masasi."

Wanangu, mimi nimezaliwa Mkunya, nimesoma mpaka kidato cha nne Masasi. Kanisa la Mtandi nimepita chini yake kila siku, lile chini ya mlima wa jiwe. Nilikuwa najua ni la zamani, basi. Huenda lilifundishwa siku niliyotoroka, siwezi kusema. Ila nilisimama pale nje ya geti, saa tano usiku, nikaona aibu.

Iko hivi. Baada ya mkataba, na hata kabla yake, meli za Waingereza zilikuwa zinakamata majahazi yenye watumwa baharini. Waliookolewa wengi wakakabidhiwa misheni. Wavulana wakapelekwa Kiungani, wasichana Mbweni, na wakubwa wakapewa mashamba. Wengi walikuwa wametoka pande za Ziwa Nyasa na kusini yetu: Wayao, Wamakua, Wanyasa. Wengine wakawa wanataka kurudi kwao. Oktoba 1876 Steere akawachukua zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, kwa meli mpaka Lindi, kutoka hapo kwa miguu. Mpango ulikuwa kufika karibu na ziwa. Walipofika Masasi wakaona ardhi nzuri, maji yapo, na wapo waliosema hapa ni karibu na kwetu, hatuendi mbele tena. Wakabaki. Kikaanza kijiji.

Hebu fikiria hiyo safari. Mtu alishawahi kutembezwa njia ile akiwa kafungwa, akielekea pwani. Halafu miaka inapita, anatembea upande wa kurudi kwa miguu yake mwenyewe, zaidi ya kilomita 100, na anafika sehemu anasema inatosha. Leo njia hiyo tunapita na basi na tunalalamika kiti hakilali.

Wala hawakustarehe. Mwaka 1882 Wangoni waliokuwa wanaitwa Magwangwara wakavamia, wakachoma na kuchukua mateka. Mmisionari Chauncy Maples akahamishia kazi Newala kwa chifu Matola, juu huku kwetu, na Masasi ikaja kufufuliwa baadaye. Agosti 1905 vita vya Majimaji vikafika, misheni ikachomwa tena. Kwa hiyo ukiona Masasi haina majengo mengi ya kale ya kujipigia picha kama Unguja, usiseme mji hauna historia.

Turudi kwenye kamera, maana bado sijamaliza na yule mzee.

Mwaka 1906, moto wa Majimaji haujapoa vizuri, Mjerumani anaitwa Karl Weule akashuka Lindi. Huyu ni mtu wa makumbusho ya Leipzig. Akapanda Masasi, akapita Chingulungulu, akaja kukaa Newala na baadaye Mahuta. Alikuja na kamera ya vioo, mashine ya kurekodi sauti kwenye mitungi ya nta, na hata mashine ya kupiga picha zinazotembea. Newala, 1906! Wengi wenu mnadhani kamera ya video ililetwa kijijini na wapiga harusi. Akapiga ngoma, akapiga unyago, akapiga akina bibi wenye ndonya mdomoni na chale za nembo usoni. Akarudi kwao, mwaka 1908 akatoa kitabu, na mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza.

Kitabu hicho kipo mtandaoni bure. Nilirudi gesti usiku uleule, sikulala, nikakifungua kwenye simu. Kiingereza changu mnakijua, ila picha hazihitaji Kiingereza. Na maandishi chini ya picha nyingi nikayaelewa vizuri sana. Kabila na mahali. Huyu mwanamke wa Kimakua, huyu wa Kiyao, hizi chale za Kimakonde. Watumishi wake wa safari na machifu anawataja majina. Huyu bibi anayenitazama moja kwa moja, kasimama wima ili picha isitikisike, ni kabila tu.

Nikamkuza mmoja mpaka uso ukajaa kioo. Paji la uso lile nimeliona nyumbani. Siwezi kudai ni wa ukoo wangu, nitakuwa nawadanganya, na ndo kilichoniuma. Angekuwa na jina, ningeweza kuuliza wazee. Wangeniambia huyu ni wa fulani, au hapana. Kwa kabila peke yake naanzia wapi? Wamakonde wako wangapi, kama angesema yule mzee.

Sisemi Weule asingekuja. Bila yeye tusingeona sura hizo kabisa, na mimi mwenyewe nimeweka moja kama picha ya simu. Nasema kalamu alikuwa nayo.

Nilipanda boti Jumatatu. Wiki tatu baadaye nikakusanya washkaji watano, tukafanya matembezi yetu ya kwanza ya usiku Newala mjini. Msinicheke. Tulianza jioni Shimo la Mungu, pale ukingoni ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma lote liko chini yako, Msumbiji ng'ambo. Tukangoja giza. Halafu tukatembea mpaka boma la Wajerumani, tukapiga kuta kwa tochi ya bodaboda, maana taa zilikuwa chache. Picha nyingi zimetikisika. Mbwa walitufukuza mara mbili.

Kwenye kurudi tukasimama Mkunya kwa bibi mmoja anayekaanga mihogo usiku kwa mwanga wa kibatari na makaa. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa moto, upande mmoja tu, upande wa pili giza totoro. Nikamwamkia, nikamwomba. Akauliza picha inaenda wapi. Nikamwambia ukweli, naweka kwenye simu ila watu hawataiona bila ruhusa yako. Akasema ipigwe, isiwekwe, na yeye apewe yake ya karatasi. Nikaandika jina lake na la mama yake, akanisahihisha herufi mara mbili, akasema mama yake alikuwa na "n" mbili.

Nimeisafisha Masasi, nimempelekea Jumapili. Ameiangalia, akaigeuza nyuma akakuta majina nimeyaandika kwa kalamu. Akasema nimemfanya mnene, na mihogo ya siku ile nilikuwa sijalipa.