Ukitaka Bastola ya Kulengea Shabaha, Soma Historia Kwanza

Wadau, nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kazi za gazeti zilinibana. Leo narudi na mada ambayo baadhi yenu mtajiuliza nimeitoa wapi.

Imetoka Ohio. Jamaa mmoja niliyesoma naye Mlimani anaishi huko siku hizi, ana kadi yake ya ukaazi wa kudumu, na wenzake kazini wamemwingiza kwenye starehe mpya: kila Jumamosi wanakwenda kwenye uwanja wa shabaha kutoboa makaratasi. Kaniandikia kwamba ana dola 250 na anataka rivolva ya .22, ya bei nafuu na ya kuaminika. Anunue ipi? Silaha nilizowahi kushika mimi ni kalamu na kinasa sauti, ila anajua ukiniuliza kitu nitachimba. Hapa kwetu bastola hainunuliwi kama redio. Unaomba kibali polisi, unachunguzwa, unasubiri. Kule ni bidhaa ya dukani, ina rafu yake na punguzo la sikukuu.

Basi nimechimba. Nilichokuta ni kwamba maneno yake mawili, "nafuu" na "kuaminika", kila moja lina historia yake, na historia hiyo ina damu ndani yake.

Tuanze na risasi. Kama umewahi kuona gobore kijijini, unajua shughuli yake: unamimina baruti, unashindilia, unaweka gololi, kisha unabandika fataki nyuma ili nyundo ikiigonga itoe cheche. Mwaka 1845 fundi wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alifanya jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini hakuna aliyeliwaza kabla. Aliichukua fataki yenyewe na kuichomeka kijirisasi mdomoni. Hakuweka baruti kabisa, nguvu ya fataki ilitosha. Watu wenye nafasi wakawa wanalenga shabaha ndani ya nyumba zao, sebuleni. Kwa hiyo ukoo wa .22 ulizaliwa kwenye mchezo, vita vikaja baadaye.

Wamarekani wawili, Horace Smith na Daniel Wesson, waliliendeleza wazo hilo. Ganda la shaba likarefushwa kidogo ili liingie baruti, na kemikali ya kuwasha ikajazwa kwenye ukingo unaozunguka kitako cha ganda. Nyundo ikibana ukingo huo popote, risasi inalipuka. Ndiyo maana naiita risasi ya ukingo. Kipenyo chake ni kama milimita 5.6, na ile ya kwanza ilirusha kipande cha risasi kisichofika gramu mbili.

Lakini ili risasi ya namna hiyo iingie kwenye rivolva kutokea nyuma, matundu ya silinda lazima yatobolewe kutoka upande mmoja hadi wa pili, na haki ya kufanya hivyo ilikuwa na mwenyewe. Rollin White alipata hataza yake Aprili 1855. Smith na Wesson wakamfuata, wakakubaliana kumlipa senti 25 kwa kila bastola. Mkataba ulikuwa na kifungu ambacho mwanasheria yeyote angemwonya nacho: gharama za kuilinda hataza mahakamani ni za White mwenyewe. Mwaka 1857 bastola yao ya kwanza, yenye risasi saba, ikatoka Springfield, Massachusetts. (Ni jimbo lile lile ambalo viwanda vyake vilifuma merikani iliyovaliwa Unguja na pwani nzima enzi za mabibi zetu.) Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, askari walizinunua kwa fedha zao na kuzitia mfukoni. White akawa mtu wa kuhamia mahakama moja hadi nyingine, akiwashitaki waigaji, na sehemu kubwa ya senti zake ikaishia kwa mawakili.

Hataza iliisha mwaka 1869. White alikwenda Bunge la Marekani kuomba aongezewe muda, na bunge likakubali. Januari 1870 Rais Ulysses Grant, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali wa vita vile, alikataa kutia saini. Mkuu wa idara ya silaha za jeshi alikuwa amelalamika kwamba serikali iliumizwa na ukiritimba huo wakati wa vita. Saini ile ambayo haikuwekwa ndiyo iliyozaa neno "nafuu".

Sasa kila karakana ingeweza kutengeneza rivolva ya risasi za ukingo, na nyingi zilifanya hivyo. Zilikuwa ndogo, za chuma dhaifu, zimegongwa majina ya kutisha ubavuni, nyingine hazikuonyesha hata nani kazitengeneza. Ziliuzwa kwa njia ya posta kama saa na viatu. Mtu ambaye mshahara wake haukumruhusu kuiota bastola ya Colt sasa alikuwa na yake. Wakusanyaji wa silaha wa karne ya 20 waliziita kwa dhihaka bastola maalumu za kujiulia.

Kati ya watengenezaji wa bei ya chini, mmoja anastahili tumkalie kidogo. Iver Johnson, wa Fitchburg, Massachusetts pia, aliuza rivolva za mtu wa kawaida, lakini kabla ya mwaka 1900 tayari alikuwa ameweka ndani yake kitu cha akili sana. Nyundo haikuifikia pini inayogonga risasi. Katikati kulikuwa na kijipande cha chuma kinachopanda pale tu unapovuta kifyatulio mpaka mwisho. Nyundo inakigonga, nacho kinagonga pini. Ukiidondosha bastola, kijipande kiko chini, nyundo inagonga chuma kitupu. Matangazo yake yalisema chukua nyundo ya fundi uigonge bastola yetu uone kama italia. Tangazo moja, na hili usicheke, lilimwonyesha mtoto wa kike kitandani, bastola mikononi mwake, akieleza kwamba baba amemhakikishia haiwezi kumdhuru. Kama mwandishi wa habari nimeona matangazo mengi ya ovyo, ila lile linaongoza.

Kwa upande wa michezo, mwaka 1887 kampuni ya Stevens ilileta .22 Long Rifle, risasi ambayo mpaka leo ndiyo inayonunuliwa kuliko zote za aina yake. Mwaka 1911 Smith & Wesson walitengeneza rivolva ya .22 ya kulengea shabaha kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa San Francisco, Phil Bekeart, aliahidi kuchukua 1,000. Wao hawakuamini kwamba ingeuzika. Mwaka 1931, uchumi ukiwa umeanguka na risasi kubwa hazinunuliki, wakaleta K-22, bastola nzuri kwelikweli. Hata ile risasi fupi ya 1857 ilidumu: wanamichezo wa Olimpiki waliitumia kwenye shindano la kufyatua haraka mpaka Athens 2004, ingawa kwenye bastola za kujipakia zenyewe. Rivolva kwa wakati huo ilikuwa imeshahama mashindanoni, imebaki starehe ya Jumamosi.

Na starehe hiyo ina deni kwa televisheni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Colt hawakuwa wakitengeneza tena ile rivolva ya wachunga ng'ombe, wakati kila mtoto wa Marekani alikuwa amekaa mbele ya runinga akiwatazama wachunga ng'ombe hao hao. William Ruger, aliyeanzisha kampuni mwaka 1949 pamoja na Alexander Sturm kwa mtaji wa dola 50,000, aliliona pengo hilo. Mwaka 1953 alitoa Single-Six: umbo la sinema, risasi ya .22, springi za waya uliosokotwa badala ya zile bapa zilizozoea kuvunjika. Bei ilikuwa dola 57 na nusu. Hapo ndipo "nafuu" na "kuaminika" vilipokutana kwenye bastola moja, au ndivyo ilivyoonekana.

Kwa sababu Ruger aliiga umbo la karne ya 19 pamoja na ugonjwa wake. Nyundo ilikaa juu ya risasi. Bastola ikianguka, ingeweza kufyatuka yenyewe. Wazee walijua: weka risasi tano kwenye matundu sita, nyundo ikae juu ya tundu tupu. Lakini mnunuzi mpya, aliyejifunzia kwenye runinga, angejuaje? Watu wakajeruhiwa, kesi zikafunguliwa. Moja, iliyohusu rivolva kubwa ya kampuni hiyo yenye mtambo wa namna hiyo hiyo, ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Alaska mwaka 1979. Kampuni ilibadilisha mtambo mwaka 1973 na kuweka kijipande cha katikati. Ndiyo, kile kile ambacho Iver Johnson alikiuza kwa watu wa kipato cha chini miaka zaidi ya 70 kabla. Mwaka 1982 ikatangaza kurekebisha bure zile za zamani.

Usidhani Iver Johnson anatoka kwenye hadithi hii akiwa shujaa. Mwaka 1965, baada ya ghasia za Watts, mzee mmoja wa eneo la Los Angeles alinunua rivolva ya kampuni hiyo ajilinde nayo. Ilikuwa Cadet, ya .22, yenye risasi nane. Bastola ile ikapita mikono kadhaa. Tarehe 4 Juni 1968 kijana aitwaye Sirhan Sirhan alikuwa nayo kwenye uwanja wa shabaha wa San Gabriel. Alilenga makaratasi kwa saa kadhaa, kama jamaa yangu anavyofanya Jumamosi. Usiku huo, muda mfupi baada ya saa sita, kwenye jiko la hoteli ya Ambassador, alimpiga risasi Seneta Robert Kennedy na kujeruhi watu wengine watano. Kennedy alifariki tarehe 6.

Hiyo ni bastola ya makaratasi. Nimeisoma sehemu hii mara nyingi kwa sababu inaharibu mgawanyo ambao wauzaji wanaupenda, kwamba kuna silaha za mchezo na silaha za kuua. Sirhan hakubadilisha silaha kati ya mchana na usiku.

Oktoba 1968 Rais Johnson alisaini Sheria ya Udhibiti wa Silaha. Biashara ya bunduki kwa posta kati ya majimbo ilifungwa, na bastola za kigeni zikatakiwa zifae kwa michezo ndipo ziruhusiwe kuingia. Zile ndogo za bei ya kutupa kutoka Ujerumani zikazuiwa. Nini kikafuata? Kampuni ya Röhm ikaleta vipuri, ambavyo sheria haikuvigusa, na kuviunganishia Miami. Mojawapo ya bastola hizo za Miami, ya .22 vilevile, ndiyo aliyoitumia John Hinckley tarehe 30 Machi 1981 kumpiga Rais Reagan, pamoja na msemaji wake James Brady, ambaye hakupona kikamilifu hadi alipofariki mwaka 2014. Jamaa yangu akijaza fomu dukani na muuzaji akaliingiza jina lake likaguliwe, utaratibu huo umetokana na sheria ya 1993 yenye jina la Brady.

Haya, dola 250. Sokoni kuna washindani wawili wanaofika hapo. Wa kwanza ni Heritage Rough Rider, ya kampuni iliyoanza Florida mwaka 1992 na kununuliwa na Taurus mwaka 2012. Mara nyingi inauzwa chini ya dola 200. Fremu yake ni ya aloi ya zinki, chuma ambacho jimbo la Illinois halikitaki: linakataza wauzaji kuuza bastola zenye fremu ya zinki inayoyeyuka au kupinda kabla ya nyuzi 800 za Fahrenheit. Hilo halina maana itakuyeyukia mkononi, .22 haina joto hilo. Kinachonikera mimi ni kwamba usalama wake unategemea kiswichi kilicho kushoto kwa nyundo, na kiswichi kinasubiri mtu akikumbuke. Wa pili ni Ruger Wrangler, iliyotoka mwaka 2019 kwa bei iliyopendekezwa ya takriban dola 250. Fremu ya silinda ni ya alumini, na kijipande cha katikati kimo. Vilengeo vyake havirekebishiki, kwa hiyo ikipiga kushoto itabidi uzoee kulenga kulia.

Ningenunua Wrangler. Ningekuwa na mfuko mkubwa kidogo, ningetafuta Single-Six iliyotumika, yenye vilengeo vya kurekebishwa, ila iliyotengenezwa baada ya mabadiliko ya 1973. Na risasi ya ukingo ina tabia ya kugoma mara moja moja, kwa kuwa kemikali haikusambaa vizuri ukingoni. Ikigoma, subiri mtutu ukiwa bado umeelekea shabaha, nusu dakika, ndipo uitoe.

Single-Six za zamani zinajulikana ubavuni: zina skrubu tatu. Zikipelekwa kiwandani hurudi zimerekebishwa, pamoja na vipande vya zamani kwenye kifuko. Shida ni kwamba wapo wakusanyaji wanaovirudisha vipande hivyo ndani ili bastola ibaki ya asili na bei yake ipande. Kwa hiyo muuzaji akimwambia ilikwisha rekebishwa, jamaa yangu aombe ifunguliwe aone mwenyewe.