Wimbi la Joto la Chicago, 1995

Wimbi la joto la Chicago ni janga lililoupata mji huo wa Marekani, kando ya Ziwa Michigan, katikati ya Julai 1995. Kwa muda wa wiki moja walikufa watu wapatao 739 zaidi ya kawaida ya msimu huo. Hakuna nyumba iliyobomoka wala daraja lililosombwa. Watu walifia vyumbani mwao, wengi wao wazee, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kwa ndani.

Tarehe 13 Julai kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzi 41 za Selsiasi. Hewa ilikuwa imejaa unyevu, hata joto likahisika kama limepita nyuzi 50. Mwili wa binadamu hupoa kwa jasho linalokauka. Hewa ikishiba unyevu, jasho hutiririka tu na joto hubaki mwilini. Usiku nao haukuleta nafuu. Kuamkia tarehe 14 joto lilikuwa bado karibu nyuzi 27, na majengo ya matofali yaliyopigwa na jua kutwa yaliwatesa hasa waliokaa ghorofa za juu. Mwenye feni bila kiyoyozi alizungushiwa hewa ile ile ya moto.

Transfoma zilizidiwa, makumi ya maelfu ya nyumba zikakosa umeme. Watu walifungua mabomba ya zimamoto barabarani ili wajimwagie maji, na baadhi ya mitaa ikakaukiwa. Hospitali zaidi ya 20 zilifurika kiasi cha kutopokea tena magari ya wagonjwa. Mochwari ya Cook County, kaunti ulimo mji huo, ilijaa, ikabidi maiti zihifadhiwe katika malori yenye majokofu yaliyoegeshwa nje.

Meya Richard M. Daley alitilia shaka hesabu ya vifo iliyotolewa na Edmund Donoghue, daktari mkuu wa uchunguzi wa vifo. Uchunguzi wa baadaye ulimthibitisha Donoghue. Mabishano hayo yalikuwa na madhara yake: mji unaobishana kama watu wamekufa kwa joto huchelewa kuwatafuta walio hai.

Watafiti wa afya walipolinganisha waliokufa na majirani zao walionusurika, kiyoyozi kinachofanya kazi ndicho kilichoonekana kuwa kinga kubwa. Waliokuwa hatarini zaidi ni wagonjwa wa kitandani, wanaoishi peke yao na wasiotoka nje. Mwanasosholojia Eric Klinenberg aliitazama mitaa yenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 2002. Alilinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale, yenye viwango vinavyokaribiana vya wazee maskini na wazee wanaoishi peke yao. North Lawndale walikufa watu 19. South Lawndale, 3.

Tofauti ilikuwa barabarani. North Lawndale viwanda vilikuwa vimehama, viwanja vimebaki vitupu, na biashara ya dawa za kulevya imeshika kona. Mzee aliogopa kufungua dirisha, aliogopa hata kumfungulia mgeni aliyekuja kumjulia hali. South Lawndale maduka, masoko na makanisa yalijaa watu mchana kutwa, kwa hiyo mzee alikuwa na mahali pa kwenda, tena dukani palikuwa na ubaridi. Wala tofauti ya vifo kati ya mitaa haikuwa suala la rangi ya ngozi peke yake: Auburn Gresham, mtaa wa Wamarekani weusi, ulipoteza watu 3 kwa kila 100,000, ilhali jirani yake Englewood, nao wa watu weusi, ulipoteza 33.

Joto kali liliporudi mwaka 1999, halmashauri ya mji ilitangaza hatari mapema, ikafungua vituo vya ubaridi na kutoa mabasi ya bure ya kuwafikisha watu huko. Polisi na wafanyakazi wa mji walibisha hodi kwa wazee wanaoishi peke yao. Vifo vilikuwa takriban 110, vingi mno bado, lakini mbali sana na vile vya 1995.

Mei 2022, kabla hata majira ya joto hayajaanza, wanawake watatu walikutwa wamekufa katika jengo la makazi ya wazee mjini humo. Wakazi walikuwa wamelalamika kwamba jengo lina joto kupita kiasi. Mwezi uliofuata baraza la mji lilipitisha sharti kwamba majengo ya wazee yawe na sehemu ya pamoja yenye ubaridi.