Mchawi wa Kiafrika katika sinema bubu za Berlin

Zikitajwa sinema bubu za Wajerumani, watu hukimbilia Caligari na Nosferatu, kana kwamba hakuna nyingine. Mimi naona zile zilizotokana na ngano ndizo zinazotuhusu zaidi.

Chukua Der müde Tod ya Fritz Lang (1921). Mauti ana ukumbi wa mishumaa, kila mshumaa ni uhai wa mtu, kama katika ngano ya ndugu Grimm. Msichana anamlilia amrudishie mchumba wake, naye anampa nafasi tatu. (Ziraili wa Kijerumani mpole kweli, wetu hana mjadala!) Humo yumo Louis Brody, mzaliwa wa Douala, ila katika orodha ya waigizaji sehemu yake ni Mweusi basi, hana jina. Mwaka huohuo Brody aliandika gazetini Berlin kupinga kampeni ya chuki dhidi ya watu weusi.

Halafu Die Abenteuer des Prinzen Achmed (1926). Lotte Reiniger alikata vivuli kwa mkasi, akavipiga picha moja moja, karibu miaka mitatu. Mtasema si ekspreshonisti hasa, sibishani. Hadithi ni ya Alfu Lela Ulela, na farasi arukaye yumo. Wahusika wote ni vivuli vyeusi, lakini mwovu bado anaitwa Mchawi wa Kiafrika!

Sasa, Mwafrika halisi mwenye hadithi alikuwa palepale mjini. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifika Berlin 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na Desturi za Wasuaheli ikatoka 1903. Mwaka 1904 alioa Mjerumani. Mwaka 1905 aliacha kazi kwa sababu ya dharau za wanafunzi, akarudi nyumbani na mkewe, serikali ya koloni ikakataa mke asishuke melini. Wakarejea Ujerumani. Alifia Berlin 1927, mwaka mmoja baada ya Achmed. Na ngano za pwani zilikuwa zimechapwa kwa Kijerumani tangu 1898, kazi ya Carl Velten, lakini wenye sinema walikwenda Baghdad.

Mwaka 1929 akaja mwingine, Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam. Naye alifundisha Kiswahili Berlin, na kuanzia 1934 akaigiza katika filamu za sauti, mara boi, mara askari. Alifia kambi ya Sachsenhausen, 1944.