Kupanga si kuchambua

Huku Nundu, kando ya Tanganyika, mama akikaa na ungo wa maharagi anachambua: mawe anatupa, yaliyooza anatupa. Kutupa kumo ndani ya neno lenyewe. Kupanga hakutupi kitu. Kila kimoja kinapewa nafasi yake. Ndiyo maana nawaomba vijana wetu wa kompyuta waseme "kupanga faili", waache "kuchambua".

Kwa mfano, tuseme tunapanga mistari ya faili ya gigabaiti 20, na kumbukumbu ya kompyuta ni gigabaiti 2. Amri ya kupanga iliyomo katika Perl, lugha ya kompyuta aliyoitoa Larry Wall mwaka 1987, hutaka orodha nzima ikae kwenye kumbukumbu. Haitaenea. Basi soma fungu linaloenea, lipange, liandike diskini, uchukue lingine. Mwishoni fungua mafungu yote pamoja, utazame mstari wa mbele tu wa kila moja. Ulio mdogo kuliko yote unaandikwa, na fungu lililoutoa linaleta unaofuata. Kumbukumbu inashika mistari michache, na hakuna hata mmoja uliotupwa.