Hedifoni za michezo na muziki: mambo ya kukagua kabla mzigo haujaondoka Kariakoo

Hedifoni ni mzigo mwepesi, haulemezi gari na hauozi. Hata hivyo, ni rahisi kumlalia mfanyabiashara dukani. Mwenye duka wa Gasorwe, katika eneo la Muyinga kaskazini-mashariki mwa Burundi, akigundua kasoro baada ya mzigo kuvuka mpaka wa Kobero, aliyemuuzia Kariakoo yuko zaidi ya kilomita 1,200 nyuma. Gharama ya kurudisha katoni moja inaweza kumaliza faida yote. Kwa sababu hiyo, ukaguzi ufanyike Dar es Salaam, kabla ya kulipa.

Jambo la kwanza ni kujua mzigo unaletwa kwa mteja gani. Anayecheza michezo ya video, anayesikiliza muziki na dereva wa lori wote huomba "hedifoni nzuri", lakini kinachomfaa mmoja kinaweza kurudishwa na mwingine siku hiyo hiyo.

Sauti inayochelewa

Hedifoni za Bluetooth hupokea sauti iliyobanwa kwanza na simu, ikarushwa hewani, kisha ikafunguliwa masikioni. Safari hiyo huchukua muda. Kwa njia ya kawaida iitwayo SBC, ucheleweshaji mara nyingi huwa kati ya milisekunde 150 na 250, yaani hadi robo ya sekunde. Kwa muziki hakuna atakayeona tofauti. Kwa mchezo wa mpira au wa mapigano, mchezaji anaona mpira umepigwa ndipo sauti inafuata.

Wauzaji wengi huwaonyesha wateja video ili kuthibitisha kuwa sauti haichelewi. Jaribio hilo halitoshi. Programu nyingi za video huichelewesha picha kidogo ili ilingane na sauti, lakini mchezo hauwezi kufanya hivyo kwa kuwa unangoja kidole cha mchezaji. Jaribio sahihi ni kufungua mchezo wowote kwenye simu, au kuwasha sauti ya vitufe na kuandika herufi chache. Ucheleweshaji utasikika mara moja.

Hedifoni za michezo zinazokuja na kidude cha USB hutumia mawimbi ya gigahatsi 2.4 kwa njia yao wenyewe, na ucheleweshaji wake kwa kawaida ni mdogo sana kuliko wa Bluetooth. Ni ghali zaidi, na kidude kikipotea, mara nyingi hedifoni haifanyi tena kazi iliyonunuliwa. Kila boksi lifunguliwe kuhakikisha kidude kimo.

Michezo: waya bado una nafasi

PlayStation 5 na Xbox hazipokei sauti kwenye hedifoni za kawaida za Bluetooth. Mwenye kibanda cha michezo akiuziwa za Bluetooth, atazirudisha. Pedi za PlayStation 4 na 5 zina tundu la milimita 3.5, hivyo hedifoni ya waya inatosha, haichelewi na haihitaji chaji. Vidude vya USB navyo vina ubaguzi: kilichotengenezwa kwa PlayStation kinaweza kukataa kwenye Xbox. Boksi lisomwe limetaja mashine zipi.

Pini ya waya iangaliwe pia. Yenye mistari mitatu myeusi au myeupe inabeba na maikrofoni. Yenye mistari miwili ni ya kusikiliza tu. Kompyuta za zamani zenye matundu mawili huhitaji waya wa kugawa. Simu nyingi mpya hazina tundu la milimita 3.5 kabisa, hivyo ni vyema kuleta na viunganishi vya USB-C.

Muziki na mazungumzo

Kwa muziki, boksi linalojisifu kwa ukubwa wa spika, milimita 40 au 50, halithibitishi ubora. Uwekwe wimbo ambao mnunuzi anaufahamu vizuri, sauti ipandishwe hadi karibu na mwisho, na isikilizwe kama besi inakoroma au upande mmoja ni hafifu kuliko mwingine. Kwa hedifoni za waya zitakazotumika na simu, ukinzani wa omu 16 hadi 32 unafaa. Zenye omu 250 zimetengenezwa kwa vifaa vya studio, na kwenye simu zitasikika kwa mbali.

Ikumbukwe kuwa kwenye hedifoni nyingi za Bluetooth, maikrofoni ikiwashwa ubora wa muziki hushuka hadi kiwango cha simu ya kawaida. Mteja anayetaka kucheza huku akiongea na wenzake aelezwe hili kabla ya kulipa, asije akadhani kauziwa bandia.

Chaji na plagi

Penye umeme wa kukatika au wa sola, hedifoni isiyo na waya ambayo pia inakubali kuchomekwa waya ni chaguo salama. Betri ikiisha, muziki unaendelea. Saa za chaji zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa sauti ya wastani, hivyo mteja mwenye kupenda sauti ya juu atapata pungufu.

Kichwa cha chaja nacho ni muhimu. Tanzania hutumia plagi ya pini tatu bapa, Burundi hutumia ya pini mbili za mviringo. Chaja za Kariakoo zisizo na adapta hazitaingia ukutani Gasorwe.

Forodha na usafirishaji

Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hedifoni iliyotengenezwa China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Dar es Salaam. Mfanyabiashara ajiandae kutangaza mzigo huo kama bidhaa ya kutoka nje, na atunze risiti ya EFD inayoonyesha bei na idadi.

Hedifoni ziko chini ya namba ya ushuru 8518.30, lakini zisizo na waya baadhi ya forodha huziweka chini ya 8517. Wakala aulizwe mapema, kwa kuwa tofauti ya namba huweza kuwa tofauti ya ushuru.

Kwa wasafirishaji, betri ya lithiamu iliyo ndani ya kifaa husafirishwa kwa ndege kwa namba UN 3481. Betri zikiwa peke yake, pamoja na pawabenki, ni UN 3480, na tangu Aprili 2016 haziruhusiwi kama shehena kwenye ndege za abiria. Barabarani, katoni zisikae karibu na injini wala chini ya turubai linalochomwa na jua siku nzima. Joto hudhoofisha betri kabla haijauzwa.

Dereva na masikio

Dereva anahitaji kifaa cha sikio moja chenye maikrofoni ili sikio jingine lisikie honi. Hedifoni inayofunika masikio yote mawili ni ya wakati gari limeegeshwa.

Kuhusu sauti, Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi saa 40 kwa wiki kwa kiwango cha desibeli 80. Sauti ikipanda, muda huo hupungua haraka.

Kabla ya kufunga katoni

Kila hedifoni iunganishwe na simu, isikilizwe kulia na kushoto, maikrofoni ijaribiwe kwa kupiga simu, na chaji iwashwe hadi taa ionekane. Muuzaji asiyekubali boksi kufunguliwa mbele ya mnunuzi aachwe. Kariakoo ina maduka mengine.