Meli Ikatia Nanga

Sisi tunaojifunza kuandika riwaya tuna sentensi moja tunayoipenda mno: meli ikatia nanga. Maneno matatu tu, kisha tunamshusha mhusika wetu pwani na sanduku lake. Hata mimi nimeiandika, mtu wa Itiryo huku milimani Tarime, ambako maji makubwa ya karibu ni ziwa, na mvuvi wa mtumbwi hutosa jiwe lililofungwa kamba. Kumbe katika bandari ya Unguja, hapo kwenye nanga ndipo visa vilipoanzia.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Jambo la nadra hilo, maana kisiwa kipo digrii sita hivi kusini mwa ikweta, na tufani za Bahari ya Hindi kwa kawaida hazifiki huko. Seyyid Barghash alikuwa hajatimiza miaka miwili kwenye kiti. Manowari zake zilizotia nanga mbele ya mji ziliangamia, majahazi yakatupwa pwani, mikarafuu ikang'olewa. Pemba ilisalimika, na baada ya hapo ikawa ndiyo inayoongoza kwa karafuu.

Kwa nini nanga hazikushika? Watu hudhani nanga hushika kwa uzito. La hasha! Hushika kwa kulala na kuchimba mchanga, na ili ilale lazima mnyororo uwe mrefu: angalau mara tatu ya kina cha maji siku tulivu, mara tano hadi saba upepo ukichachamaa. Ukiwa mfupi, kila wimbi likiinua omo linainua na nanga, chombo kinaanza kuikokota. Sasa bandari imejaa vyombo, nani aachie mnyororo wote huo bila kumgonga jirani? Tena tufani huzunguka: upepo uliotoka huku unahamia kule, na nanga iliyozama vizuri inavutwa kinyume.

Kung'oa na kutia upya ni kazi ya duara, mtambo wa kuvutia nanga, ambao enzi zile ulizungushwa kwa miti iliyosukumwa na watu. Kuna kijino cha chuma kinachoizuia isirudi nyuma. Kikiteleza, ile miti inarudi na vifua vya watu. Hata leo kwenye mashua yenye duara ya umeme, baharia mwenye akili haiachii ibebe uzito wa chombo usiku kucha. Huufunga mnyororo kwenye nguzo imara, na akitaka kung'oa husogeza chombo mbele kwa injini kwanza. Vidole navyo vikae mbali, si mchezo.

Barghash akapata meli mpya, Glasgow, iliyoundwa Uskoti mwaka 1878. Tarehe 27 Agosti 1896 ikiwa imetia nanga palepale, Waingereza wakaizamisha katika vile vita vya dakika arobaini hivi. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi 1912.

Kisha Pegasus. Septemba 1914 manowari hii ya Waingereza ilitia nanga Unguja ili mitambo yake itengenezwe. Alfajiri ya tarehe 20 ikatokea Königsberg ya Wajerumani, yenye mizinga inayofika mbali zaidi. Meli isiyo na mvuke itakimbiaje? Safari hii nanga ilishika barabara, na ndiyo taabu yenyewe. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa. Makaburi ya baadhi yao yapo kisiwani Chapwani, ng'ambo tu ya bandari.