Ujana na Picha za Ubongo

Wahenga walisema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Katika miaka niliyofundisha shule za sekondari nilizoea kusikia pia maneno mengine yasiyo na utamu huo: kwamba kijana hana akili, kwamba damu inamchemka, kwamba dawa yake ni fimbo. Yalisemwa na wazazi na walimu kana kwamba ni elimu iliyokwisha kuthibitishwa. Nilipostaafu nikapata wasaa wa kusoma, nilitaka kujua jambo moja: wataalamu wanaochunguza ubongo wameona nini hasa ndani ya kichwa cha kijana, na waliyaona lini?

Mabishano juu ya ujana ni ya siku nyingi. Mwaka 1904 Mmarekani G. Stanley Hall alichapisha kitabu cha juzuu mbili, akaueleza ujana kuwa ni kipindi cha dhoruba na misukosuko. Mwaka 1928 Margaret Mead, aliyekuwa amekwenda Samoa kuchunguza maisha ya wasichana wa huko, akajibu kwamba dhoruba hiyo si ya lazima, bali hutegemea malezi na desturi. Pande zote mbili zilikuwa na upungufu mmoja: hakuna aliyeweza kuutazama ubongo wa kijana aliye hai.

Machache yaliyojulikana yalitoka kwa maiti. Mwaka 1979 Peter Huttenlocher wa Chicago alihesabu kwa hadubini viungio baina ya seli za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo, akakuta kwamba mtoto mdogo anavyo vingi kuliko mtu mzima, na kwamba hupungua kadiri anavyokua. Ikaonekana kuwa ubongo haukomai kwa kuongeza tu, hukomaa pia kwa kupunguza. Mkulima wa kahawa hatashangaa, kwani anajua kuwa mbuni usiopogolewa hutoa majani mengi na buni chache.

Mlango ulifunguliwa na sumaku. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha namna ya kupata picha ya ndani ya kitu kwa kutumia nguvu za sumaku na mawimbi ya redio. Yeye na Mwingereza Peter Mansfield walitunukiwa Nobel mwaka 2003. Mashine hiyo, MRI, haitumii mionzi kama ile ya eksirei. Kwa hiyo mtoto mzima asiye na ugonjwa wowote aliweza kupigwa picha, akarudi nyumbani, na baada ya miaka miwili akapigwa tena.

Hivyo ndivyo walivyofanya Jay Giedd na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, huko Bethesda. Mwaka 1999 walitoa matokeo ya vijana na watoto 145, baadhi yao wakiwa wamepigwa picha zaidi ya mara moja. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba kazi kubwa ya kuujenga ubongo huisha utotoni, maana mtoto wa miaka 6 ana ubongo unaokaribia ukubwa wa mtu mzima. Picha zilieleza vingine. Tabaka la kijivu la sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, liliongezeka hadi kama miaka 11 kwa wasichana na 12 kwa wavulana, kisha likaanza kupungua. Na nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu za ubongo ziliendelea kuongezeka. Sehemu hiyo ya mbele, itumikayo katika kupanga na kujizuia, ni miongoni mwa zinazochelewa kukomaa.

Aina nyingine ya picha, iliyobuniwa kuanzia 1990 kwa kazi ya Seiji Ogawa, hufuata damu yenye oksijeni na kuonyesha sehemu gani inafanya kazi zaidi. Mwaka 2011 Jason Chein, Laurence Steinberg na wenzao waliwapa watu 40 mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta wakiwa ndani ya mashine. Vijana walipojua kwamba rafiki zao wanawatazama, walithubutu hatari nyingi zaidi, na sehemu za ubongo zinazohusika na tamaa ya tuzo zilichangamka. Watu wazima hawakubadilika hivyo.

Lakini msomaji asiipokee kila picha kama ufunuo. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aliyekufa ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zilizofanywa bila uangalifu zikaonyesha kwamba ubongo wake unafanya kazi! Aidha, sehemu kubwa ya picha hizi ni za watoto wa Marekani na Ulaya. Wa kwetu ni wachache mno.

Hata hivyo elimu hii imegusa maisha ya watu. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataza adhabu ya kifo kwa aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2010, ilipokataza kifungo cha maisha bila tumaini la kuachiwa kwa vijana ambao hawakuua, iliitaja waziwazi sayansi ya ubongo. Jaji Scalia, aliyepinga hukumu ya 2005, aliuliza swali la haki: mbona chama cha wanasaikolojia kilikuwa kimeiambia mahakama hapo awali kwamba msichana ana akili ya kutosha kuamua mwenyewe kuhusu kutoa mimba? Steinberg na wenzake walijibu mwaka 2009 kwamba hayo ni mambo mawili. Kijana wa miaka 16 akipewa muda, utulivu na mshauri, hufikiri karibu sawa na mtu mzima. Akiwa katika joto la tukio, katikati ya wenzake, sivyo.

Jibu hilo lilinigusa kuliko picha zote. Katika shule moja niliyofundisha, wanafunzi wanane walifukuzwa usiku uleule wa vurugu. Niliomba tungoje siku mbili tumsikilize kila mmoja peke yake. Nilishindwa kwa kura. Waliulizwa wakiwa wamesimama pamoja, hasira ingali mbichi kwao na kwetu, na kila mmoja akajibu kwa kutazama wenzake. Masomo yao yalikatwa kwa mahojiano ya nusu saa.

Sisemi kijana asiadhibiwe, wala kwamba ubongo wake ni mbovu. La hasha. Ubongo unaopogolewa ndio unaojifunza, na kila tunalomfanyia kijana ni sehemu ya malezi yake. Ninachosema ni kwamba tusichukue alilolitenda mbele ya rika lake usiku mmoja tukaliita tabia yake ya maisha. Kumngojea hadi asubuhi, akae peke yake na mtu mzima anayemsikiliza, hakugharimu kitu, wala hakuhitaji sumaku.